Majina Mia Tatu ya Plinio Almonte

Mara ya kwanza Plinio Almonte alipoingia dukani kwangu nilimuuzia kitu chenye kasoro, na kasoro hiyo nilikuwa naijua. Naanza na hilo kabisa, maana mengine yote yametoka humo.

Ilikuwa Machi, mchana, mji wetu wa Mao umelala kwa joto. Duka langu liko nyuma ya soko: redio za gari za mkono wa pili, spika, nyaya, na vikorokoro vya kuunganishia. Nilianza na kikapu cha kaseti pale stendi ya mabasi nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku hizo sijawahi kumuuzia mtu kitu kwa bei ya kwanza aliyotaja. Plinio nilikuwa namfahamu kama mji mzima ulivyomfahamu, yaani kwa masikio. Kwa miaka thelathini na moja alizunguka na pikapu yake yenye spika mbili za tarumbeta juu ya paa, akitangaza nani kafa, wapi wamekaa msibani na saa ngapi wanazika. Ilikuwa sauti pana, ya taratibu, inayofika jikoni kabla ya gari kufika kona. Lakini siku ile aliposema "Habari za mchana," nilifikiri kuna mtu anaburuta kiti nje.

"Nurkis, mwanangu," alisema. "Nataka vile vidude vya vijana. Vinavyopiga muziki bila kaseti."

"MP3. Ya kusikilizia nyimbo za bachata, mzee?"

"Ya kusemea."

Akanieleza. Madaktari wa mjini Santiago walikuwa wamemwangalia kooni na kumpangia tarehe, mwanzoni mwa Juni. Wangekata, na sauti ingeondoka na kilichokatwa. Alikuwa na miezi miwili na nusu ya kusema, basi. Alitaka kuirekodi sauti hiyo ingali ipo, aiweke kwenye kidude, kidude akiunganishe na redio ya pikapu, na kazi iendelee.

Mtu akikueleza jambo kama hilo, mwingine angemkalisha na kumpa maji. Mimi nilimwambia, "Elfu mbili na mia tano, pamoja na kuunganisha."

"Hiyo mia tano ni ya nini? Ya harufu yake?"

"Ya mikono yangu. Au unataka padri akuunganishie?"

"Elfu moja na mia saba."

"Kwa elfu moja na mia saba nakupa boksi, mzee. Boksi zuri, lina picha."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamshika mpaka akaegemea kabati. Tukakutana kwenye elfu mbili na kilo tano za mchele kutoka shamba la kaka yake. Tukashikana mikono. Ndipo nikatoka kwenda kuangalia gari.

Redio yake ilikuwa ya zamani, ina mdomo wa kaseti tu, haina tundu lolote la kuchomeka kitu. Nilijaribu kwanza kale kadude kanakorusha muziki hewani ili redio ikadake, lakini kituo cha redio cha walokole kilikuwa jirani mno na namba yake ya masafa. Mhubiri akaingia kwenye spika za paa, akaanza kumwambia Plinio atubu.

"Huyo hapana," Plinio alisema. "Atawatangaza marehemu wangu halafu awahukumu."

Nikachukua kaseti yenye waya: kwa nje ni kaseti kama kaseti, ndani haina mkanda, na waya unatoka ubavuni kwenda kwenye kidude. Ukiisukuma mdomoni mwa redio, redio inaamini inapiga kaseti. Ilikubali vizuri, kelele kidogo tu kama mafuta ya kukaangia. Betri ya kidude ilikuwa ya nusu saa, kwa hiyo nikakichomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari.

Hapo ndipo penye kasoro. Kwenye magari ya umri ule, ukipiga stati, lile tundu linakosa umeme kidogo. Kidude kinazima. Umeme ukirudi kinawaka chenyewe na kuanza upya, kutoka wimbo wa kwanza. Dawa ni kuchomoa waya kabla ya kugeuza ufunguo, maneno matano ya kumwambia mtu. Sikuyasema. Mteja ukimtajia kasoro moja anaomba mia mbili zipungue, na sisi tulikuwa tumeshashikana mikono.

Plinio alizaliwa kwenye mashamba ya mpunga, mtoto wa saba wa mtu aliyefungua na kufunga mifereji ya maji ya watu wengine. Kazi ya kutangaza aliipata kwa sababu ya kuita: baba yake alimtuma apige kelele kutoka mwisho wa shamba maji yakifika, na waliokuwa ng'ambo ya mto walisikia. Alipokuwa kijana alitangaza mabondia, magodoro, wagombea wa vyama vyote, kuku, sarakasi. Mke wake alikufa mapema na yeye mwenyewe ndiye aliyemtangaza, mtaa kwa mtaa, hakuruka hata uchochoro mmoja. Baadaye walikuja watu wenye magari mapya na spika za kutikisa madirisha wakachukua magodoro, kuku na wagombea. Yeye akabakiwa na vifo, kwa kuwa vifo watu walimtaka yeye.

Alikuwa na utaratibu wake. Akifika mbele ya nyumba ya marehemu alizima injini. Wengine walipita tu wakinguruma. Plinio alizima, akasoma tangazo katika ukimya, akangoja kidogo, ndipo akawasha na kuendelea. Watu wa Mao walilipenda jambo hilo kuliko hata sauti yake. Familia zilimwambia Don Beltrán, mwenye nyumba ya mazishi na mwajiri wa watangazaji, "Tunataka yule anayezima gari." Don Beltrán hakumpenda Plinio, lakini alipenda familia zinazolipa.

Tulirekodi wiki kumi, kila mchana, ndani ya pikapu yake iliyofungwa vioo na kufunikwa mablanketi, jasho linatutiririka kama tumenyeshewa. Maneno ya mwanzo yalichukua siku moja: "Wananchi wa Mao, kwa majonzi makubwa tunawatangazia kifo cha..." Maneno ya mwisho yalichukua siku mbili, kwa sababu ya saa za maziko na makanisa. Kilichobaki ni jina. Nilidhani angerekodi majina ya kwanza na ya ukoo mbalimbali, kisha ayaunganishe. Alikataa.

"Mtu si behewa la treni, Nurkis. Jina linasemwa lote, kwa pumzi moja."

Kwa hiyo alirekodi watu. Alianza na mtaa wake mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akaenda hadi ng'ambo ya daraja. Wazee kwanza, halafu wagonjwa, halafu watu wazima wenye afya. Hata walioko ughaibuni, Nueva York, aliwarekodi, maana nao hurudi, na wengine hurudi kwenye sanduku. Watoto alikataa katakata. Nilipomwambia kwamba watoto pia hufa, alizima mashine na hatukufanya kazi tena siku ile.

Kazi yangu ilikuwa kuyakata majina kwenye kompyuta na kuyapa namba. Tangazo la mwanzo lilikuwa namba moja, kisha majina, mbili hadi mia tatu na kumi na moja, kisha maneno ya kumalizia. Yeye aliandika kila namba na jina lake kwenye daftari la shule. Ukiyasikiliza kwa mpangilio unamsikia mtu akiisha. Mtaa wa kwanza una sauti yote. Kwenye mia na hamsini imeingia mchanga. Majina ya ng'ambo ya daraja yanasemwa kama na mtu anayepanda ngazi amebeba gunia. Tulikuwa na nyumba arobaini bado tarehe ilipofika.

Alirudi Julai akiwa amekonda, kitambaa cheupe shingoni, na chini ya kitambaa tundu alilopumulia. Hakuweza hata kunong'ona. Aliandika kwenye vikaratasi.

Mwezi huohuo fundi mmoja wa baiskeli alikufa. Plinio akapanda pikapu, akabonyeza moja, akatafuta namba ya fundi, akabonyeza ya maziko saa kumi. Wanawake walitoka milangoni na taulo za jikoni mikononi. "Amepona!" mmoja alipiga kelele. "Sauti imerudi!" Plinio alipita akitazama mbele. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu na ninakiri nilijivunia ile kaseti.

Aliwatangaza watu kumi na mmoja namna hiyo, mpaka Novemba. Tangazo likiisha aligusa kidude kukisimamisha, akawasha gari akaenda zake. Kama kilizima na kuanza tena, kilifanya hivyo wakati spika zimefungwa, maana alikuwa na tabia ya kufunga amplifaya ya spika za paa kabla ya kuondoka. Kwa hiyo hakujua. Mimi nilijua, na kila mwezi uliopita salama nilijiambia kwamba sasa haina haja ya kusema.

Mzee Quírico Peña, mkulima wa mpunga, alikufa siku ya Alhamisi. Alikuwa rafiki wa Plinio tangu utoto wa mifereji. Saa kumi jioni turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, viti vimejaa, wanaume wanacheza domino pembeni, kahawa inazunguka. Nilikuwepo, Quírico alikuwa mteja wangu. Pikapu ikaja taratibu, ikasimama, ikazimwa. Domino zikanyamaza. Tangazo likasomwa lote. Kisha Plinio akakaa kimya kwenye usukani, mikono mapajani, kwa muda mrefu kuliko desturi yake. Nadhani alikuwa analia. Mtu asiye na koo analia bila mlio. Alipogeuza ufunguo alikuwa amesahau kufunga amplifaya.

"Wananchi wa Mao, kwa majonzi makubwa tunawatangazia kifo cha..."

Watu walidhani anarudia kwa heshima ya rafiki yake. Wengine walisimama.

"Obdulia Rosario, mjane wa Núñez."

Bibi Obdulia alikuwa kiti cha pili, kikombe cha kahawa mkononi.

Plinio aliruka, akakitafuta kile kidude kidogo kama kiberiti cha gesi, akabonyeza. Vidole vyake vilikuwa vinene na kitufe alichobonyeza ni cha kwenda mbele.

"Wenceslao Disla."

Wenceslao, mwenye bucha, alisimama na domino yake mkononi. Plinio alibonyeza tena. Na tena. Kila alipobonyeza, sauti yake ile ya zamani, nzuri, kamili, ilimtaja mtu mwingine wa mtaa wake. Majina saba. Wanne wao walikuwa chini ya turubai. Binti wa mtu wa jina la sita alianguka na viti viwili. Mwishowe Plinio aliing'oa kaseti yote redioni, waya ukiwa unaning'inia.

"Plinio," Wenceslao alisema polepole. "Umetuweka humo?"

Plinio alimtazama. Hakuwa na karatasi karibu.

"Mko wangapi humo?" mwingine aliuliza. "Tuko wangapi?"

Walilitoa daftari kwenye kiti cha pikapu. Kufikia Jumamosi mji mzima ulijua kwamba kuna orodha ya watu mia tatu na kumi wanaongojwa kufa, kila mmoja na namba yake, na kwamba wale kumi na wawili waliokufa walikuwemo. Hakuna aliyejali kwamba wangekufa hata bila daftari. Don Beltrán hakupoteza hata wiki. Alimleta jamaa mmoja kutoka mji jirani wa Esperanza mwenye gari jeupe na maiki.

Jumatatu walikuja dukani kwangu, kwa sababu kompyuta yenye majina ilikuwa yangu. Plinio alikuja nao, akakaa kwenye ndoo ya rangi pembeni ya meza na daftari lake. Walitaka kufutwa, na walitaka kuona kwa macho yao.

"Mimi ni namba ngapi?" Wenceslao aliuliza.

"Tatu."

"Na Obdulia?"

"Mbili."

"Mbili, tatu: ishirini na tatu," alijisemea, akatoka mbio kwenda kibanda cha bahati nasibu, akaweka pesa yake, ndipo akarudi. "Haya, sasa nifute."

Wote walifanya hivyo. Walikuja wakiwa na hasira, wakauliza namba, wakaenda kuicheza, wakarudi na hasira yao palepale. Mwenye kibanda alipata wiki nzuri kuliko zote za mwaka. Mwanamke mmoja alimfuta mume wake aliyeko Nueva York, akasita, akauliza kama anaweza kumwacha kidogo. Watu walicheka. Plinio hakucheka. Kila nilipomfuta mtu alipitisha mstari kwenye daftari, kwa rula, na sikumwona akimtazama mtu usoni akimwomba abaki. Alikuwa hawezi kulirekodi hata jina moja tena. Kila mstari ulikuwa pumzi ambayo hakuwa nayo nyingine.

Nilifuta siku nne. Nilitaka kutoza, nikawaangalia, nikaona nisijaribu.

Siku ya nne, foleni ikiwa imekwisha, aliingia Bibi Obdulia na fimbo yake.

"Wewe unafuta nini?" aliniuliza.

"Kila mtu anataka, bibi."

"Mimi ni kila mtu? Namba mbili ni mimi, nimesikia kwa masikio yangu. Niache papo hapo." Akamgeukia Plinio. "Na wewe acha kuinamisha kichwa kama mbuzi aliyekula sabuni. Jirani yangu miaka arobaini, halafu nitangazwe na yule wa Esperanza? Yule anatangaza maiti kama anauza parachichi."

Alipoondoka, Plinio aliandika kwenye karatasi na kuisukuma kwangu. *Ulijua? Kuhusu kuwasha gari.*

Ningeweza kusema hapana. Redio ni ya zamani, gari ni lake, tundu ni la kiwanda. Lakini mtu anayekuja kuniuliza baada ya miezi minane huwa ameshajibiwa.

"Nilijua."

*Kwa nini?*

"Tulikuwa tumeshakubaliana bei."

Alitikisa kichwa juu na chini, kama mtu aliyefanya biashara maisha yake yote na kuelewa hesabu mara moja. Nikafungua droo nikaweka elfu mbili mezani. Akazirudisha kwa kidole kimoja. Kisha akaandika: *Namba 2 usiguse.*

Bibi Obdulia alikufa Februari, usingizini. Watoto wake walimwajiri jamaa wa Esperanza kupitia kwa Don Beltrán, kama wote. Plinio hakuajiriwa na mtu. Aliosha pikapu, akavaa shati jeupe, akaja kunichukua niende naye, nadhani ili kuwe na mtu anayejua nyaya. Nilikwenda. Kwenye kidude kulikuwa na mambo matatu tu: mwanzo, Obdulia, na mwisho.

Tulipita mitaa kumi na sita. Niliyahesabu madirisha yaliyofungwa mpaka nikaacha. Akina mama waliwavuta watoto ndani kama mvua imeanza. Mwanamume mmoja aliyekuwa juu ya ngazi akipaka ukuta rangi aliziba masikio kwa mikono yote miwili, brashi ikimchafua nywele. Sauti ilitoka nzima, ya mtaa wa kwanza, mchanga bado haujaingia. Haikumfikia mtu aliyetaka kuisikia.

Mbele ya nyumba ya Obdulia alizima injini. Waliokaa viti vya mbele walihama nyuma. Tangazo lilisomwa katika ukimya, kisha Plinio akafunga amplifaya, akachomoa waya mwenyewe, polepole, nikiwa namtazama, na kugeuza ufunguo. Injini ilikohoa. Akageuza tena, na tena, mpaka stata ikanyamaza.

Hapa Mao, gari likizimika mtaani, huna haja ya kuomba. Wanaume wanaacha walichoshika, wanakuja kusukuma, wanakutukana kidogo, wanasukuma. Siku ile walikuwa kama ishirini chini ya turubai. Wenceslao alikuwemo. Walitazama chini, kwenye domino zao. Niliteremka nikaweka bega nyuma peke yangu. Pikapu haikusogea. Plinio akashuka, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda kwake kwa miguu, ni nyumba ya pili tu.

Kesho yake nilimwendea. Nilimtajia bei ya pikapu pamoja na spika, bei ya chini, kwani gari lisilowaka mbele ya msiba halina mnunuzi wa pili. Aliandika namba kubwa zaidi. Nilimwonyesha stata kwa kidole. Akakata namba yake, akaandika yangu. Ilikuwa nusu ya thamani. Spika zile niliziuza mjini Navarrete kwa muuza ndizi, na pikapu niliitengeneza. Naiendesha mpaka leo.

Yeye alihamia Santiago kwa dada yake. Kule hakuna anayejua alivyokuwa anasema, na huenda ndicho alichofuata. Don Beltrán alipata mtu wa bei nafuu. Mimi nimebaki na kaseti zenye waya kumi na nne dukani ambazo hapa mjini hazinunuliki, hata na wageni. Kuna mtu huwanong'oneza kabla hawajafika kwenye kabati langu.

Kile kidude chenye sauti yake nilijaribu kukinunua siku ileile ya pikapu, nikapandisha bei mara mbili, jambo ambalo sijawahi kumfanyia muuzaji yeyote. Aliisoma namba yangu, akaigeuza karatasi upande wa pili, hakuandika kitu. Kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, na aliondoka nacho humo humo.